Maneno mepesi yaliyotugharimu katika mkataba wa nyumba ya Mkomani

Nyumba ya marehemu babu yetu iko Mkomani, katika Mji Mkongwe wa Lamu, na kwa miaka mingi ilikaa bila mtu, dari ya ghorofa ya juu ikianza kushuka na chokaa ya kuta ikibanduka kila masika. Mama yangu na ndugu zake walipokubali kuipangisha kwa mgeni kutoka Ulaya, mkataba ulikuja kwa Kiingereza, nami nikapewa kazi ya kuusoma na kuwaeleza wazee, kwa kuwa nilikuwa nimesomesha lugha hiyo shule ya upili. Naandika kwa ajili ya familia nyingine zitakazoketi barazani na karatasi za namna hiyo. Maneno mazito ya kisheria hayakututia hasara yoyote, kwa sababu yalituogopesha tukayaulizia mapema. Yaliyotugharimu ni yale mepesi, ambayo kila aliyemaliza shule ya msingi anaamini anayajua, na ambayo kamusi ya lugha mbili huyapa neno moja tu la Kiswahili kisha ikaendelea na jingine.

Mkataba wa kwanza ulikuwa wa mwaka mmoja. Kifungu kimoja kilisema kwamba mpangaji atalipa "rent", na kingine, kurasa mbili mbele, kikasema kwamba mwenye nyumba atalipa "rates" na "taxes". Mjomba mkubwa aliuliza swali moja: "Kodi analipa nani?" Akajibiwa kuwa kodi analipa mpangaji, na wote wakaridhika. Kwa Kiswahili chetu jibu hilo halina kasoro, maana fedha anazotoa mpangaji kila mwezi ni kodi, zinazokwenda serikalini ni kodi, na zile ambazo kaunti hudai juu ya kiwanja nazo ni kodi. Mwingereza amezigawa. "Rent" ni pango, linaloingia mfukoni mwa mwenye nyumba. "Tax" ni kodi ya serikali. "Rates", inapohusu ardhi, ni malipo ya kila mwaka kwa serikali ya kaunti, ilhali neno hilohilo likibandikwa ukutani hotelini ni bei za vyumba. Juu ya hayo, Kenya ina "land rent", ambayo si pango la nyumba hata kidogo, bali ni malipo ya kila mwaka kwa Serikali ya Kitaifa kutoka kwa anayemiliki ardhi kwa muda maalumu. Anayeona neno "rent" humo na kudhani kuwa huo ni mzigo wa mpangaji atashangaa madai yatakapokuja kwa jina lake mwenyewe.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukulitarajia kabisa. Mwenye nyumba ya makazi anayeishi Kenya, ambaye pango lake kwa mwaka linazidi shilingi 288,000 na halizidi milioni 15, hutozwa kodi ya mapato ya pango, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 baada ya kushushwa kutoka 10, nayo hukatwa kwenye pango zima bila kuondoa gharama za matengenezo. Wajomba walikuwa wameshagawana fedha za mwaka mzima tulipotambua kwamba neno "taxes" katika kifungu kile lilikuwa linatuhusu sisi. Kuwaendea watu wazima, kila mmoja kwake, na kuwaomba warudishe sehemu ya fungu walilokwisha kulitumia ni kazi ambayo singependa mtu mwingine aifanye. Mjomba mdogo alinuna kwa muda mrefu, na sidhani kama hata leo ameamini kwamba fedha zile zilikwenda serikalini. Tangu wakati huo, nikisoma karatasi yoyote yenye malipo, huandika pembeni mwa kila neno nani anatoa, nani anapokea, na risiti inatoka ofisi gani. Neno ambalo siwezi kulijazia hayo matatu bado sijalielewa, hata kama nalitamka kila siku.

Neno "deposit" lilitutatiza kwa upande wa pili, kwa sababu hapa Kiswahili ndicho kilichogawa na Kiingereza ndicho kilichochanganya. Sisi watu wa pwani tunajua arbuni, yaani fedha za kuifunga biashara ambazo baadaye huhesabiwa ndani ya bei, na tunajua amana, ambayo ni mali ya mtu mwingine iliyowekwa mikononi mwako na ambayo huna ruhusa ya kuigusa. Kiingereza huziita zote "deposit". Wazee waliposikia kwamba mpangaji ametanguliza fedha waliziona kuwa arbuni, na kwa kuwa mjomba alikuwa na arusi ya binti yake, zikatumika. Mkataba ulisema "security deposit", na lile neno la mbele ndilo lililoamua: ilikuwa amana ya kukinga nyumba isiharibiwe, ya kurudishwa muda ukiisha. Bahati yetu ni kwamba mpangaji alitaka kuendelea, hivyo tulikubaliana zihamie mkataba wa pili, lakini ilibidi kwanza tuzichange upya. Pia kuna "advance", ambayo ni pango lililolipwa kabla ya wakati wake na halirudi mtu akishakaa muda aliolipia. Ikiwa karatasi imeandika "deposit" peke yake, omba waandike waziwazi kama inarudi au hairudi, itarudi lini, na ni mambo gani yanayoweza kuipunguza.

Kwa mkataba wa pili, uliokusudiwa kuwa wa miaka kadhaa na wa kuitengeneza nyumba, tulikata shauri tumtafute wakili wetu. Hiyo ilimaanisha mashua hadi Mokowe, basi hadi Malindi, na ada iliyozidi pango la mwezi mmoja. Mama aliona ni fedha nyingi za kusomewa karatasi, nami sikuwa na hoja ya kumjibu isipokuwa hesabu ya yaliyokwisha kutupotea. Ushauri wangu ni kwamba mtu asiende kwa wakili na mkataba mtupu. Mimi nilikwenda na orodha ya maneno mepesi, nikamtaka anieleze kila moja lingetufanya tulipe nini au tupoteze nini, na saa moja ya mazungumzo hayo ilinifaa kuliko barua ndefu ambayo ningeletewa baadaye.

La kwanza katika orodha lilikuwa "rent" likiwa kitenzi. Kiswahili kimetufadhili silabi moja inayoondoa shaka: kupanga na kupangisha, kukodi na kukodisha, kukopa na kukopesha. Kiingereza kina "borrow" na "lend" kwa mkopo, lakini kwa nyumba "rent" hutumika kwa pande zote mbili, kiasi kwamba sentensi inayosema kwamba fulani "rents the house" haikuambii kama ni mwenye nyumba au ni mpangaji. "Let" haina utata huo, ni ya mwenye nyumba tu, na ndiyo sababu vibao husomeka "To Let". Hata hivyo, ndani ya pasipoti ya Uingereza mhusika huombewa apite "without let or hindrance", ambapo "let" ni neno jingine la kale lenye maana ya kizuizi. Wanafunzi wangu walikuwa wakilicheka jambo hilo, na walikuwa na haki. "Hire" nayo hufaa zaidi kwa vitu na kazi za muda mfupi, kama mashua ya kwenda Manda au punda wa kubeba mchanga.

Uzito zaidi uko kati ya "lease" na "licence". Rasimu tuliyoletewa ilikuwa na kichwa cha "lease", lakini ndani yake mahali fulani iliita makazi hayo "licence to occupy", na wazee hawakuona tofauti kwa kuwa zote nilizieleza kuwa ni ruhusa ya kukaa. "Licence" kweli ni ruhusa tu, kama ya mgeni aliyechukua chumba cha kulala wageni. "Lease" humpa mpangaji haki juu ya nyumba yenyewe kwa muda uliotajwa, hata mwenye nyumba akawa hana ruhusa ya kuingia apendavyo. Wala jina lililoandikwa juu haliamui. Mwaka 1985, katika kesi ya Street na Mountford, House of Lords, iliyokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, ilishikilia kwamba anayepewa nyumba aimiliki peke yake kwa muda maalumu na kwa malipo ni mpangaji, hata ikiwa karatasi imeita makubaliano hayo "licence". Kwa kuwa mpangaji wetu si raia, wakili alitukumbusha pia kwamba Katiba ya mwaka 2010 humruhusu asiye raia kushika ardhi kwa "lease" pekee, isiyozidi miaka 99. Maneno haya mawili, kwa hiyo, si ya kubadilishana ili kupamba sentensi, na rasimu ikasafishwa libaki moja.

Neno "guest" lilipita haraka, ingawa lingeweza kutuletea balaa. Mpangaji aliomba ruhusa ya kupokea "guests", na mjomba mkubwa akakunja uso kama aliyetukanwa, akauliza ni nani Lamu anayehitaji kuandikiwa ruhusa ya kupokea wageni. Mbele ya neno hilo kulikuwa na "paying", yaani wanaolipa. Hao walikuwa wateja, na nyumba ingekuwa ya biashara. Tuliruhusu jamaa na marafiki, tukaikataa biashara.

Kifungu cha matengenezo ndicho kilichotuchukua siku nyingi. Mama huita kila kitu kutengeneza, na gazeti lingeita kila kitu ukarabati, lakini rasimu ilikuwa na "repair", "maintain", "renovate" na "alter" katika sentensi moja, na kila moja ina mlipaji wake. "Repair" ni kurekebisha kilichoharibika: boriti imeliwa na mchwa, inatolewa, inatiwa nyingine. "Maintain" ni kutunza ili kisiharibike, kama kupiga chokaa kila baada ya muda na kusafisha makopo ya maji ya mvua. "Alter" ni kubadilisha umbo, yaani kutoboa mlango pasipokuwa na mlango. "Renovate" ni kufanya upya, na shina lake la Kilatini lina maana hiyohiyo ya upya. Kuna na la tano ambalo rasimu haikuwa nalo, "restore", yaani kurudisha kitu kilivyokuwa, nalo humlazimu anayelitumia aseme kilivyokuwa lini.

Kwingine huenda tofauti hizi zikawa mambo ya mtihani wa lugha. Mkomani ni mambo ya kuta. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na nyumba zake za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko haziguswi kabla ruhusa haijatafutwa. Rasimu ilimpa mpangaji uhuru wa "renovate" kwa namna atakayoona inafaa. Kwa maana ya kawaida ya neno hilo angeweza kubandua plasta ya chokaa na kupiga saruji, akaziba zidaka zilizochakaa (vile vishubaka vya ukutani), akaweka vigae vipya, na asingekuwa amevunja hata herufi moja ya mkataba. Fundi mzee aliyeitwa kukagua alisema kwamba saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta wa matumbawe, na ukuta huo huanza kumomonyoka kutoka ndani ilhali nje unang'aa. Nataka nimtendee haki mpangaji. Hakuwa na hila yoyote. Kwake "renovate" lilikuwa neno la sifa, nalo ndilo lililo kwenye kila tangazo la nyumba huko alikotoka, na alipoelezwa alikubali bila mabishano tuandike "repair and restore", kwa chokaa na boriti, zidaka zibaki zilivyo.

Ilipofika zamu yetu ya kubanwa, hatukuwa wepesi kama yeye. Kifungu kimoja kilimtaka mwenye nyumba "keep in repair" paa na kuta za nje. Wazee walielewa kwamba tutazishika zilivyo, zisizidi kuharibika. Wakili alicheka kidogo, akatueleza kwamba mahakama ya Uingereza ilishaamua mwaka 1890, katika kesi ya Proudfoot na Hart, kwamba huwezi kudumisha nyumba katika hali njema bila kwanza kuifikisha kwenye hali hiyo, hivyo aliyeahidi "keep in repair" ameahidi pia kuirekebisha nyumba aliyoikuta mbovu. Lile paa lililokuwa likishuka lingekuwa letu lote! Tulibadilisha sentensi ili hali ya nyumba siku ya kutia saini iandikwe, ipigwe picha chumba kwa chumba, na wajibu wetu uhesabiwe kuanzia hapo.

Picha hizo zilitufaa tena kwenye "wear and tear", yaani uchakavu wa matumizi ya kawaida, ambao mpangaji halipii, tofauti na "damage", ambayo ni uharibifu anaolipia. Mjini kwetu mpaka huo hauonekani vizuri, kwa kuwa hewa ya chumvi peke yake hubandua rangi na kutia bawaba kutu bila mkono wa mtu kugusa. Bila picha, kila doa huwa ugomvi. Pia angalia herufi moja ya mwisho: "damage" ni uharibifu, "damages" ni fidia ambayo mahakama huamuru ilipwe, na si wingi wa uharibifu. "Term" ni muda wa mkataba, "terms" ni masharti yake. "Custom" ni desturi, "customs" ni forodha. Huko shuleni tulifundishwa kwamba herufi "s" ni ya wingi, na hatukuambiwa kwamba mara nyingine hugeuza neno zima.

Niliwahi kudhani kwamba Waingereza hupenda tu kurundika maneno, hasa nilipoona "null and void", yaani batili, au "goods and chattels", yaani mali zinazohamishika. Jozi hizo zina historia. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala na baadaye ya mahakama, huku watu wa chini wakibaki na lugha yao na makasisi na Kilatini chao, na wanasheria wakazoea kuweka neno la huku na la huku pamoja. Nasi tunalo jambo kama hilo, kwani bei na thamani si kitu kimoja, na nuru hatuitumii pale pote tunapotumia mwanga. Shida ya msomaji ni kwamba jozi nyingine ni mapambo na nyingine si mapambo. "Null and void" ni jambo moja lililosemwa mara mbili, ilhali "repair and maintain" ni kazi mbili na gharama mbili. Njia niliyoiona kuwa salama ni kufuta neno moja la jozi na kuuliza kama kuna mtu ambaye angepumua kwa kupunguziwa mzigo. Akiwapo, hayo si mapambo.

Hasara kubwa kuliko zote haikutoka katika mkataba wetu. Ilitoka katika karatasi ya mafundi, ambayo mpangaji aliiandika kwa Kiingereza na karani mmoja akaifasiri. Kwa Kiingereza ilisema kazi ya paa ikamilike "by 31 March". Kwa Kiswahili ikasomeka: mafundi watafanya kazi ya paa mpaka tarehe 31 Machi. "By" huweka ukomo ambao jambo liwe limekwisha kabla yake au siku hiyohiyo, lakini "until" hueleza jambo linaloendelea hadi siku hiyo likakoma, na neno mpaka likitumiwa bila uangalifu hubeba yote mawili. Mafundi walikuwa watu waaminifu. Walifanya kazi mpaka tarehe 31 Machi, wakakunja vifaa vyao, wakaenda Pate walikokuwa na kazi nyingine, na paa likabaki wazi nusu yake wakati kaskazi inakwisha na masika yanakaribia. Turubai tulilonunua halikutosha. Mvua iliingia, plasta mpya ya chokaa ikaanguka kabla haijakauka, na mabishano ya nani alipe yakachukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe, hadi mpangaji na sisi tukagawana gharama nusu kwa nusu. Sentensi ambayo ingetuokoa ni fupi: kufikia tarehe 31 Machi, kazi yote ya paa iwe imekwisha. Vivyo hivyo, "within three months" ni wakati wowote kabla miezi mitatu haijapita, na "after three months" haianzi mpaka ipite. Katika mji ambao kazi ya nje hufuata pepo na mvua, ni afadhali kuandika tarehe yenyewe na kuongeza kitu gani kionekane siku hiyo.

Baada ya hayo tulitaka mkataba uandikwe kwa lugha mbili. Wakili wa mpangaji alikubali, lakini akasisitiza kuwepo kifungu kinachosema ni nakala ipi itakayofuatwa zikitofautiana, na hilo nawasihi wengine wasilipuuze, kwa sababu nakala mbili bila kifungu hicho ni chanzo cha kesi. Tulikubali Kiingereza kitangulie, isipokuwa katika orodha ya sehemu za nyumba, ambayo iliandikwa kwa Kiswahili peke yake: daka (ukumbi wa mlangoni), kiwanda (ua wa ndani), msana (chumba kirefu kinachoelekea ua), ndani (chumba cha ndani kabisa), zidaka, birika la maji. Kila ukurasa wa orodha hiyo ulitiwa saini, na nakala zikagawanywa kwa mjomba mkubwa, kwa wakili na kwa mpangaji.

Limebaki neno moja ambalo hatujakubaliana. Mkataba unasema kwamba baada ya mwaka wa tatu kutakuwa na "rent review". Mjomba mdogo ana yakini kwamba maana yake ni pango kupanda. Mimi nasoma kwamba litaangaliwa upya tu, na kwamba kama wangetaka libadilike kwa lazima wangetaja kiwango au namna ya kukipata. Mpangaji, alipoulizwa, alisema kwamba yeye alidhani linaweza hata kushuka. Wakili ameshaandikiwa aongeze sentensi inayotaja kima cha chini na namna ya kuhesabu, na mwaka huo wa tatu haujafika.